MUMIANI, UNYONYAJI NA WAJIBU WA KADA

Uhakiki wa kitabu cha Luise White, Speaking with Vampires (2000)

Kila anayefundisha elimu ya siasa hukutana na swali hili: kwa nini watu wenye akili timamu, wanaojua kulima, kujenga, kufanya biashara na kulea watoto, huamini kwamba kuna kikundi cha siri kinachowanyonya damu, au kinachowatilia sumu katika chanjo, au kinachoendesha dunia nzima kutoka chumba kimoja kilichofungwa? Mara nyingi jibu la kada ni fupi: ni ujinga, na dawa ya ujinga ni kuwaelimisha wananchi. Jibu hilo lina ukweli kidogo na hatari kubwa. Hatari yake ni kwamba ndilo lililokuwa jibu la Bwana Shauri wakati wa ukoloni, nalo humpa anayelitoa raha ya kutojiuliza yeye mwenyewe amefanya nini hata asiaminiwe.

Kitabu cha Luise White, mwanahistoria wa Marekani, kinahusu jambo hilo hilo katika nchi zetu. Kimeandikwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya wasomi wa vyuo vikuu, lakini habari zake ni zetu. Yafaa kada akisome kwa makini, akubali kilicho sahihi ndani yake, na akatae kisichotosha.

1. Kitabu chasema nini

Neno mumiani lina asili ya Kiajemi. Hapo kwanza lilikuwa jina la dawa, kitu cheusi kama utomvu, kilichotumiwa kwa mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, inaeleza dawa hiyo. Inaongeza kwamba wapo watu walioamini kuwa ni damu ya binadamu iliyogandishwa, na kwamba uvumi wa mumiani ukizuka mjini watu hawatoki nje baada ya jua kuchwa.

White anaonyesha kwamba uvumi huo ulienea mbali zaidi ya pwani. Nairobi watu walisimulia habari za wazimamoto, kwamba watu wa zimamoto huwakamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Kampala waliitwa bazimamoto. Katika Northern Rhodesia, ambayo leo ni Zambia, waliitwa banyama, na katika Katanga ya Kongo waliitwa batumbula. Kila mahali mambo yale yale hurudi: shimo, gari, sindano, watu waliovaa sare, na mzungu asiyeonekana sana ambaye ndiye anayepokea damu.

Hoja ya mwandishi ni kwamba habari hizi zisitupwe kwa kuwa si za kweli. Tukizisikiliza tutajua mambo ambayo majalada ya serikali ya kikoloni hayakuyaandika: watu waliyaonaje mashine mpya, hospitali mpya, kazi ya mshahara, na Mwafrika mwenzao aliyevaa sare na kufanya kazi ambayo hakuna aliyeijua vizuri. Hili ni jambo kubwa. Msikilizaji anayeanza kwa dharau hasikii kitu.

2. Ujinga si jibu

Tutazame hali halisi ya wakati ule. Katika Tanganyika watu walilipishwa kodi ya kichwa ili walazimike kutafuta fedha. Wengi walikwenda katika mashamba ya mkonge, wakajulikana kama manamba, na kweli mtu aligeuzwa kuwa namba. Katika vita dhidi ya malale watu walipimwa damu na kuchomwa sindano, na vijiji vizima vilihamishwa kwa amri ili watu waishi pamoja mbali na mbung'o. Katika Katanga kampuni ya migodi iliendesha kambi ambamo iliwahesabia wafanyakazi hata chakula. Mtu aliona nguvu za nduguze zikiondoka na kurudi zimekwisha. Aliona utajiri ukitoka na kupelekwa pasipojulikana. Hakuna aliyemweleza hesabu ya jambo hilo.

Basi mtu aliyesema kwamba wanatutoa damu alikosea juu ya sindano na shimo, lakini hakukosea kwamba kuna kitu kilichokuwa kikitolewa. Aliuona unyonyaji bila kuwa na nadharia ya unyonyaji. Mahali pa nadharia hapakai patupu. Pasipo maelezo ya kweli pataingia maelezo yaliyopo.

Wala elimu peke yake si kinga. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika Urusi ya mfalme, ilitolewa hati ya kughushi iliyodai kuwa ni mpango wa siri wa Wayahudi wa kuitawala dunia. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha kwamba sehemu kubwa yake iliibwa kutoka kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka 1864, ambacho hakikuwa na habari yoyote ya Wayahudi. Hata hivyo Henry Ford, tajiri wa magari wa Marekani, alikwisha kuyaeneza maneno hayo katika gazeti lake tangu 1920, na Wanazi wakayatumia baadaye pamoja na kujulikana kwamba ni uongo. Hawa hawakuwa watu waliokosa shule. Maelezo hayo yaliwafaa. Uchumi ulipoanguka yalimpa mwenye nacho adui mwingine wa kuwaonyesha wafanyakazi, badala ya yeye mwenyewe.

3. Njama za kweli zipo

Kosa la pili la kada ni kusema kwamba njama hazipo. Wananchi wanajua kuwa zipo. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari, 1961, karibu na Elisabethville, katika Katanga ile ile ya batumbula, mbele ya maofisa wa Kibelgiji, kisha mwili wake ukaharibiwa kwa asidi ili usipatikane. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani chini ya Frank Church ilieleza jinsi shirika la ujasusi la CIA lilivyopeleka sumu Kongo mwaka 1960 ili auawe, ingawa sumu hiyo haikutumika. Mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi kwa wajibu wake, na mwaka 2022 jino lake, kitu pekee kilichosalia, lilirudishwa kwa familia yake.

Vilevile huko Tuskegee, Marekani, tangu 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali iliwaacha mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila matibabu ili kuchunguza ugonjwa unavyokwenda, hata baada ya penisilini kupatikana.

Lakini tuangalie njama hizi zilijulikanaje. Zilijulikana kwa barua, kwa amri zenye sahihi, kwa mashahidi waliotajwa, kwa tume zilizowahoji wahusika. Zilikuwa na watu wachache, shabaha moja, na makosa mengi. Uvumi wa njama ni kitu kingine. Ndani yake hakuna bahati mbaya wala uzembe. Kila kitu kimepangwa. Ushahidi ukikosekana, huambiwa umefichwa. Mtu akikanusha, huyo naye ni mmoja wao. Hoja ambayo haiwezi kushindwa na jambo lolote litakalotokea haitufundishi lolote juu ya dunia.

Tena uvumi hauzuki wenyewe kila mara. Upo unaotengenezwa na wakubwa. Mwaka 1983 gazeti moja la New Delhi lilichapisha habari kwamba UKIMWI ulitengenezwa katika maabara ya jeshi la Marekani. Habari hiyo ilipandwa na shirika la ujasusi la Urusi ya Kisovieti, ikaenezwa hadi Afrika, na mwaka 1992 mkuu wa ujasusi wa Urusi, Yevgeny Primakov, alikiri. Waliodhani kwamba kwa kuirudia wanawapinga mabeberu walikuwa wanabeba mzigo wa dola nyingine.

4. Kasoro ya kitabu

Hapa ndipo tunapoachana na White. Yeye ni mwanahistoria, na kwa mwanahistoria habari ya uongo inaweza kuwa shahidi mzuri kuliko ya kweli. Kwake swali kuu ni: habari hii inatueleza nini juu ya wasimuliaji? Kada hawezi kuishia hapo. Lazima aulize pia: habari hii inamfanyia nini mwananchi, na inamwelekeza amchukie nani?

Jibu limo katika habari zenyewe, ingawa kitabu hakikulipa uzito unaostahili. Anayeogopwa katika uvumi wa mumiani ni nani? Ni mzimamoto, ni dereva, ni mpimaji, ni msaidizi wa mganga. Mwenye shamba la mkonge hakupoteza hata ratli moja ya singa kwa ajili ya mumiani. Mkusanya kodi hakusimama. Hasira iliyozaliwa na unyonyaji iligeuzwa, ikamwangukia mfanyakazi mwenye mshahara mdogo ambaye naye alikuwa ananyonywa. Ndiyo maana ni kosa kuuita uvumi huu upinzani dhidi ya ukoloni, kama wasomi wengine wanavyopenda kufanya. Una machungu ya upinzani, lakini hauna mikono yake.

Wala mambo haya hayakwisha na ukoloni. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi uvumi wa wanyonya damu ulifanya makundi ya watu kuwaua wenzao, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Waliouawa hawakuwa wanyonya damu.

Mfano wa Kano, Nigeria, ni mzito zaidi. Mwaka 1996, wakati wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya, Trovan, kwa watoto kiasi cha 200 waliogawanywa baina ya dawa hiyo na dawa ya zamani. Watoto 11 walikufa. Kampuni ilisema kilichoua ni ugonjwa. Wazazi walisema hawakuelezwa kwamba ni majaribio, na mwaka 2009 kampuni ilikubali kulipa fidia. Katikati ya ugomvi huo, mwaka 2003, ikaja chanjo ya polio, na viongozi wa dini na wa siasa wakasema imetiwa dawa ya kuwafanya wasichana wasizae. Jimbo la Kano lilisimamisha chanjo mpaka 2004, ilipopatikana chanjo kutoka Indonesia. Polio ikaenea kutoka Nigeria hadi nchi nyingine nyingi.

Tuone mzunguko huo. Dhuluma iliyodaiwa ilifanywa na kampuni tajiri, shaka ikazaliwa kwa haki, lakini ikaelekezwa mahali pasipohusika. Waliolipa ni watoto wa maskini waliopooza. Anayewaambia wazazi wa Kano kwamba walikuwa wajinga anasahau mwaka 1996. Na anayewasifu kwa kupinga mabeberu anawasahau watoto.

5. Lugha yetu wenyewe

Hatuna budi pia kujitazama. Katika miaka ya 1960 na 1970 siasa yetu ilijaa maneno ya damu: mnyonyaji, kupe, kukata mirija. Maneno hayo yalieleweka upesi kwa sababu masikio yalikuwa tayari. Lakini baina ya mnyonyaji na mumiani ipo tofauti ambayo mwalimu asipoieleza inapotea. Unyonyaji una hesabu: mshahara, saa za kazi, bei ya pamba shambani na bei yake bandarini, bei ya mbolea, riba. Mkulima anaweza kuuhesabu kwa kalamu na kuuondoa kwa ushirika na kwa sheria. Mumiani hana hesabu. Ana sura tu, na sura hiyo hutafutiwa mtu.

Ndivyo kupe alivyogeuzwa katika vinywa vya wengine kuwa jina la watu wenye asili ya Asia, pasipo kuuliza nani ana mtaji na nani ni fundi cherehani. Mwalimu Nyerere aliliona hilo mapema. Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, aliandika kuonya kwamba ujamaa si ubaguzi wa rangi. Uganda mwaka 1972 Idi Amin aliifuata njia ya pili. Aliwafukuza Waasia kwa siku 90 akisema wanaikamua nchi. Maduka yalibadili wenyewe, na wafanyakazi wakabaki walivyokuwa, au maskini zaidi.

6. Wajibu wa kada

Kutokana na uchambuzi huu yapo mambo ambayo kada apaswa kuyatenda.

Kwanza, asikilize kabla ya kukanusha. Ndani ya uvumi mara nyingi limo swali la haki: fedha za zahanati zimekwenda wapi? Kwa nini eneo hili linapimwa? Nani atalimiliki? Ajibu swali hilo, maana akijibu uvumi peke yake atakuwa hajajibu kitu.

Pili, aeleze kabla ya kutenda. Katika Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 zipo sehemu ambako watu walihamishwa kwa nguvu kabla hawajaelezwa wala kukubali, ingawa Mwongozo wa 1971 ulikwisha kukataza ubwana wa viongozi. Mahali kama hapo kada hawezi kumlaumu mwananchi akiamini maneno ya vilabuni kuliko ya mkutano wa hadhara. Siri isiyo ya lazima ni mbolea ya uvumi.

Tatu, akubali njama za kweli na kuzifundisha kwa ushahidi wake, ili mwananchi ajifunze kuuliza: nani kasema, kaona wapi, hati iko wapi, na ni jambo gani likionekana nitakubali kwamba nimekosea?

Nne, amlinde anayesingiziwa siku ile ile. Mchanjaji, mpima ardhi na mgeni aliyefika jioni hawawezi kungojea semina. Kada anayenyamaza mbele ya kundi lenye mawe kwa kuogopa kupoteza kura au urafiki amekwisha kuchagua upande.

Kitabu cha White kinatusaidia katika jambo la kwanza tu, la kusikiliza. Hayo matatu yaliyobaki hayawezi kutoka kwa mwanahistoria wa mbali. Yatatoka katika matawi yetu, au hayatatoka.