Mfuko wa Kunde: Kutoka Ukame wa Maroua hadi Unyevu wa Mavivi

Fukuzi wa kunde hangoji ghala. Jike hugandisha mayai juu ya maganda yaliyokauka yangali shambani. Kiwavi hutoboa punje na kula ndani kwa ndani. Penye joto, baada ya wiki tatu au nne, mdudu mzima anatoka kwa tundu la mviringo, tayari kutaga. Vizazi vichache tu, gunia limebaki matundu na unga.

Jibu lililoenea Afrika ni mfuko wa PICS, uliotokana na kazi ya Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue na watafiti wa Kamerun, kule Maroua, mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni mifuko miwili ya plastiki, kila mmoja unene wa mikroni 80, ndani ya kiroba. Unajaza kunde katika plastiki ya ndani, unakamua hewa, unasokota shingo, unaikunja na kuikaza kwa kamba. Ya pili vivyo hivyo, kisha kiroba.

Dawa haimo. Wadudu wenyewe ndio wanaoimaliza oksijeni. Hata hivyo, Murdock na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba kinachowaua hasa ni kiu. Punje kavu haina maji ya kutosha. Fukuzi hujitengenezea maji kutokana na chakula, na kazi hiyo inataka oksijeni. Ikipungua, kiwavi anaacha kula, anakauka. Kufungua mfuko mapema, basi, ni kumnywesha.

Sasa ulete mfuko huo Mavivi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye barabara ya Beni kwenda Oicha. Maroua ina miezi mingi ya kiangazi. Mavivi iko karibu na ikweta, na mvua haikai mbali. Plastiki inayozuia hewa huzuia pia mvuke: kunde zenye unyevu zikifungiwa humo zitaota ukungu. Na anayevuna mbiombio kwa hofu ya mashambulizi, yanayolitesa eneo la Beni tangu 2014, hana siku za kuanika.

Kipimo cha unyevu ni rahisi. Tia kunde na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, rudisha kunde juani.

Kwa hiyo anayepeleka mifuko hiyo Beni bila maturubai ya kuanikia amepeleka nusu ya kazi.