Mishale ya Feynman na Lugha ya Kueleza Fizikia

Kitabu cha Richard Feynman, QED: The Strange Theory of Light and Matter, kilichotolewa mwaka 1985, kimetokana na mihadhara minne iliyokusudiwa watu wasiosomea fizikia. Shabaha yake ni kujibu maswali ambayo aghalabu huulizwa na mtu yeyote mdadisi: nuru ni nini, na huathirianaje na maada? Yafaa wanalugha nao wakihakiki kitabu hiki, kwani ubora wake na udhaifu wake vyote viwili vimo katika uteuzi wa maneno.

Swali kuu la mwanzo ni la kioo. Katika kila fotoni 100 zinazopiga uso mmoja wa kioo, wastani wa 4 hurudi. Uso wa pili ukihesabiwa, idadi hiyo hupanda na kushuka baina ya 0 na 16, kwa kutegemea unene wa kioo. Basi fotoni ifikapo kwenye uso wa kwanza hujuaje unene ulio mbele yake? Feynman halijibu swali hili kama lilivyoulizwa. Huchora mshale kwa kila njia ambayo tukio laweza kupitia, akaiunganisha mishale hiyo kuwa mmoja, kisha akazidisha urefu wa mshale huo kwa urefu uo huo. Namba ipatikanayo ni kadiri ya uwezekano wa tukio. Jinsi maumbile yatendavyo anaonyesha. Kwa nini yatende hivyo, anakiri kuwa hajui. Ukiri huo ndio nguzo ya kitabu. Waandishi wengi hulijibu swali la “kwa nini” kwa tashbihi, na msomaji akaondoka na tashbihi mkononi akidhani ameshika maana.

Hata hivyo kitabu hakikosi dosari. Katika mhadhara wa nne hesabu ya mishale hupungua, na mfululizo wa majina ya chembe huchukua nafasi yake. Feynman analalamika kwamba wanafizikia wameiita sifa mojawapo ya kwaki “rangi”, ilhali haina uhusiano wowote na rangi ionwayo kwa macho. Lakini naye hulitumia neno hilo hilo. Msomaji aliyezoezwa kufikiri sasa anatakiwa kukariri.

Kwa mfasiri wa Kiswahili, mtihani huo ni mgumu zaidi. Kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilikuwa hatua kubwa ya kusanifu istilahi, lakini istilahi peke yake si maelezo. Neno “chembe” huja na picha ya mchanga au nafaka, kitu chenye mpaka na mahali pake. “Wimbi” huja na picha ya bahari. Aambiwaye kwamba elektroni ni chembe na pia ni wimbi ataidhania kuwa kama jini, agekaye umbo apendapo. Vivyo hivyo “uwezekano”: katika mazungumzo ya kawaida jambo ama lawezekana ama haliwezekani, ambapo hapa pana kipimo kinachohesabika. Ndiyo maana “kadiri ya uwezekano” ni bora kuliko neno moja lililo tupu.

Lakini sarufi ya Kiswahili ina msaada wake. Katika sentensi “fotoni inajua unene wa kioo”, upatanisho ni wa kitu, na kitenzi ni cha mwenye akili. Mgongano huo husikika mara moja, ukamwonya msomaji kuwa hiyo ni sitiari. Kwa Kiingereza Feynman hana budi kutoa onyo hilo kwa maelezo. Kwa Kiswahili hutolewa na kiambishi, mradi mfasiri asiandike “fotoni anajua”.

Basi kipimo cha tafsiri ya kitabu kama hiki si wingi wa istilahi zake, bali ni kama msomaji anaweza kutenganisha lile lililopimwa na lile lililofananishwa. Asiyeweza atakuwa amepewa hekaya mpya badala ya elimu.