Mali Ikiuzwa Hairudishwi

Ndugu msomaji, leo twataka kulichukua neno moja dogo tulipime kama sonara apimavyo dhahabu. Neno lenyewe ni hili: "Mali ikiuzwa hairudishwi." Zamani neno hili liliandikwa juu ya kipande cha kadibodi likatundikwa nyuma ya kaunta ya duka. Siku hizi limehamia ndani ya simu. Walitumia wauzao madera, mabaibui, leso, viatu, manukato na vyombo vya jikoni kwa njia ya picha, katika Instagram, Facebook na WhatsApp. Mnunuzi hutuma pesa kwa simu, na mali humfikia kwa mkono wa kijana wa bodaboda au kwa basi.

Biashara yenyewe hatuna ugomvi nayo. Wako mama zetu na binti zetu wengi ambao kwa njia hii wapata riziki ya halali bila ya kulipa kodi ya duka, na wako wagonjwa na wazee wasioweza tena kuzunguka sokoni, nao huletewa haja zao mlangoni. Hiyo ni neema. Tunalolikosoa ni hilo neno. Twaona kwamba lilipohama dukani lilihama peke yake, na ile haki iliyokuwa imelisimamisha ikaachwa nyuma.

Tazama mambo yalivyo kwa aendaye dukani kwa miguu yake. Mtu akiingia kununua leso Biashara Street mjini Mombasa, au Darajani kule Unguja, huifungua doti, akasoma jina lake, akatazama pindo, akashika kitambaa ajue kama ni pamba, na asiporidhika na taa ya duka huipeleka mlangoni penye mwanga wa jua aone rangi. Huuliza akajibiwa, wakapatana bei. Ameona kwa macho yake, amegusa kwa mkono wake, na akiondoka ameondoka kwa ridhaa. Mtu kama huyu akirudi kesho akasema rangi imemchosha, mwenye duka ana haki ya kumwonyesha kile kipande cha kadibodi.

Sasa mtazame anunuaye kwa simu. Yeye hakuona ila picha, na picha ina hila nyingi hata kama mpigaji hakukusudia hila. Taa hugeuza rangi. Nyekundu ya picha ikaja nyumbani ni damu ya mzee. Kitambaa cha pamba na cha nailoni, kwenye kioo cha simu, ni ndugu wa tumbo moja. Kofia iliyoshonwa kwa mkono, iliyokaa siku nyingi mapajani mwa mshonaji, na kofia iliyotoka mashineni, zikipigwa picha kwa mbali hapana awezaye kuapa ipi ni ipi, na bei zake ni mbingu na ardhi. Udi na ambari ndiyo kabisa: harufu haipigwi picha. Na viatu vina mtihani wao, kwani namba 42 ya Ulaya ni karibu na namba 8 ya Uingereza, na muuzaji asiyeandika namba yake ni ya wapi amemwachia mnunuzi bahati nasibu.

Huyu ndiye ambaye wazee walimwita mnunuzi wa mbuzi ndani ya gunia. Kumwambia aliyemtazama mbuzi meno na kwato kwamba mbuzi harudi, ni jambo moja. Kumwambia hivyo aliyeuziwa gunia, ni jambo jingine.

Na mas'ala haya si mageni kwa wanavyuoni wetu, ijapokuwa simu ni ngeni. Vitabu vya madhehebu ya Imam Shafi, ambavyo ndivyo vilivyosomeshwa katika vyuo vya pwani yetu, vimeyagawa mafungu mawili. Kitu maalumu kilichopo, kama leso hii au mbuzi huyu, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti wenye kuuziana wawe wamekiona. Ama kitu kisichokuwapo mbele yao huuzwa kwa sifa, nayo ndiyo biashara ya salam, ambayo mnunuzi hulipa kwanza na muuzaji huwa na deni la kuleta mali. Hapo sheria imetia masharti: kipimo kijulikane, uzani ujulikane, muda ujulikane, na sifa zitajwe kwa namna isiyobakisha ubishi. Mali ikija kinyume cha sifa zilizotajwa, mnunuzi halazimiki kuipokea. Basi muuzaji wa simu atakaye kulipwa kwanza na asifu kwanza. Haiwi kuuchukua upande wa salam unaompa pesa, na kuuacha upande wa salam unaompa kazi.

Zaidi ya hayo iko khiyari ya aibu. Kitu kikionekana kina ila iliyokuwamo kabla ya mnunuzi kukabidhiwa, ana haki ya kukirudisha, muuzaji apende asipende. Na muuzaji aliyeijua ila akaificha haokolewi na tangazo. Sote twakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono wake ndani ya fungu la chakula, vidole vyake vikapata unyevu. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka juu ile sehemu iliyorowa watu waione. Kisha Mtume akajitenga na kila mwenye kughushi. Picha ya duka la simu ni ile nafaka kavu ya juu. Anayefungua furushi nyumbani kwake ndiye anayetia mkono ndani.

Wala wenye maduka wasidhani kwamba haya ni maneno ya msikitini tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayoyahitaji, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya kumlinda mtumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu mahsusi juu ya mapatano yafanywayo kwa intaneti, nayo yamtaka muuzaji amfunulie mnunuzi maelezo kabla ya kupatana, na ampe nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa. Hata katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2014, anunuaye kwa mbali amepewa siku 14 baada ya kupokea mali ageuze nia bila ya kutoa sababu, isipokuwa kwa vitu kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake, vyakula viharibikavyo upesi, na vilivyofungwa kwa ajili ya usafi kisha vikafunguliwa. Na hoja yao ni hii hii tuliyoitaja: anunuaye dukani ameona, na anunuaye kwa mbali hakuona.

Mtu aweza kusema, "Hizi ni shilingi chache, mbona mwazikuza?" Basi chukua mfano wa mama aliye Lamu. Amedunduliza tangu Rajabu, ameagiza kutoka Nairobi nguo za Idi za watoto watatu. Furushi huja kwa basi mpaka Mokowe, kisha huvushwa kwa chombo hadi kisiwani. Mama afungua, aona mbili ni fupi na ya tatu si rangi aliyoichagua. Apiga simu. Ajibiwa kwamba pesa hairudi, lakini atabadilishiwa; nauli ya kurudisha ni juu yake, na nauli ya kuletewa tena ni juu yake. Yaani alipe nauli mara tatu kwa kosa ambalo si lake, na Idi ni keshokutwa. Wengi walio katika hali hiyo hunyamaza, nguo wakampa mtoto wa jirani, na muuzaji akahesabu kwamba mnunuzi ameridhika. Ndugu msomaji, kunyamaza kwa mnyonge si ridhaa. Na kadiri mtu akaavyo mbali na mji mkubwa ndivyo neno hili limwumizavyo zaidi, kwa kuwa nauli ya kurudisha hukaribia kuila thamani ya mali yenyewe.

Kuna na tabia mbili nyingine zinazotembea pamoja na neno hili. Ya kwanza ni kuficha bei. Mtu huweka picha ya dera, akiulizwa bei hujibu, "Njoo inboksi." Bei ya haki yaogopa nini kusemwa mbele za watu? Wako wenye udhuru, hatukatai. Lakini wako pia wanaompimia kila mteja bei kwa kuitazama picha yake na jina lake. Ya pili ni sifa za kununuliwa. Watu huandika chini ya tangazo kwamba mali ni nzuri na imefika upesi, wakatia na nyota tano, nao hawakununua hata sindano. Ni jamaa wa muuzaji au wamelipwa. Huo ni ushahidi, na ushahidi wa uongo hauwi mchezo kwa kuwa umeandikwa kwa kidole juu ya kioo.

Lakini insafu ni kuzisema pande zote mbili. Wateja nao wana vituko vyao. Yuko aagizaye dera, akalivaa usiku wa harusi huku kibandiko cha bei kimefichwa ndani ya shingo, asubuhi akalirudisha akisema halikumkaa. Nalo lamrudia mwenyewe lanukia udi wa harusi ya watu. Yuko aonaye ila siku ya kwanza, akaendelea kutumia hadi mwezi ukaisha, ndipo akadai pesa zake. Huyu wanavyuoni wamemwambia wazi kwamba aijuaye aibu akaendelea kukitumia kitu, haki yake ya kurudisha imeanguka.

Mfano mzuri wa uadilifu katika jambo hili ni hukumu ya Mtume (s.a.w.) juu ya mnyama aliyeachwa siku kadhaa bila ya kukamwa, ili kiwele kijae na mnunuzi ahadaike. Mnunuzi alipewa khiyari ya siku tatu: akitaka amweke, na akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Tazama mizani hiyo. Aliyedanganywa ana haki ya kurudisha, na juu ya hivyo alichokula hukilipia. Sheria ile ya Ulaya nayo yasema vivyo hivyo: mnunuzi aliyekitumia kitu zaidi ya haja ya kukijua, hulipia upungufu wa thamani yake.

Na yuko wa tatu ambaye hakuuza wala hakununua, naye ni kijana wa bodaboda. Amepewa furushi, mali ni ya kulipiwa mlangoni. Amezunguka vichochoro vya Mji wa Kale akiuliza nyumba kwa jina la mwenyewe. Amepiga simu, imezimwa. Au amefika, furushi likafunguliwa, mali ikakataliwa, na mlango ukafungwa usoni pake kana kwamba yeye ndiye aliyeshona ile nguo. Muuzaji naye akamwambia kwamba asiyeleta pesa hana ujira. Petroli imekwisha, na nusu ya siku imekwenda. Sisi tumefundishwa kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijakauka; huyu jasho limekauka na ujira haukuja. Ujira wa mchukuzi ni wa kuchukua, si wa kuuza. Akifika mlangoni amekwisha kuustahiki, ipokewe mali au ikataliwe. Na wa kuutoa ni yule ambaye kosa ni lake.

Twamtaka muuzaji nini basi? Twamtaka aandike katika tangazo lake mambo matano: bei, kipimo kwa inchi au sentimita, wala si kusema "saizi ya kati" tu, kitambaa au maada ya kitu, na kama ni kazi ya mkono au ya mashine, siku mali itakayofika, na nani atakayelipa nauli ikiwa itarudi. Mnunuzi naye twamtaka aulize kabla ya kutuma pesa, ayahifadhi maandiko ya mapatano, alifungue furushi mbele ya aliyelileta, na akiona ila aseme saa ile ile.

Ama mnunuzi aliyejuta tu, na mali haina ila, huyo hana haki ya kumlazimisha muuzaji. Lakini kumpokelea ni ihsani kubwa. Imepokewa katika hadithi kwamba amwonduleaye Mwislamu biashara aliyoijutia, Mwenyezi Mungu atamwondolea kuteleza kwake Siku ya Kiyama. Na hata kwa hesabu ya dunia, mteja aliyepokelewa vizuri siku aliyojuta hurudi, tena huja na dada zake.

Kwa hivyo twawanasihi wenye maduka ya simu walifute lile neno la kadibodi, na mahali pake waandike hili: "Mali ikiwa sivyo tulivyosema, itarudi kwa nauli yetu, ukigeuza nia, itarudi kwa nauli yako." Atakayeogopa kuliandika na ajiulize mwenyewe anaogopa nini katika mali yake.