Gari Likichemsha Huku Mamba: Namna ya Kuupima Mkono wa Fundi

Kutoka Mamba, huku kwenye bonde la Ziwa Rukwa, hadi kwenye maduka ya spea ya Mpanda ni zaidi ya kilomita 100: Majimoto, Usevya, Kibaoni, kisha unaikata Hifadhi ya Katavi mpaka Sitalike. Umbali huo ndio unaofanya magari mengi yatengenezwe uani, chini ya mwembe, na ndio unaofanya kubahatisha kuwe ghali. Fundi akisema alteneta imekufa, ukaagiza nyingine ije na basi, kisha ikagundulika kwamba terminali ya betri ilikuwa imelegea, umeshalipa spea, nauli ya mzigo na siku za kukaa bila gari.

Kwa hiyo gari kuwaka si kipimo cha ufundi. Hata mbahatishaji huliwasha. Kipimo ni kama fundi anaweza kukueleza kwa nini lilizima, na hilo linaanza kuonekana kabla hajashika spana. Msikilize anavyouliza. Ubovu ulianza lini? Gari likiwa la baridi au likishapata moto? Kwenye tope au barabara kavu? Nani alilishika mara ya mwisho? Swali hili la mwisho ndilo la mtu mzima kazini, maana ubovu mpya mara nyingi hutoka kwenye mkono uliotangulia: bomba lisilobanwa, soketi iliyosahaulika, nati ya kuazima.

Gari linalochemsha ndilo mtihani mzuri kuliko yote. Huku bondeni, zaidi kidogo ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Kifuniko cha rejeta kikiwa kizima hubana mgandamizo, na maji hayohayo yanaweza kuvuka nyuzi 115 bila kuchemka. Mpira wa kifuniko ukipasuka, injini nzima kabisa itatupa maji kila siku. Fundi anayeanza kwa kukigeuza kifuniko na kuukagua mpira wake, injini ikiwa imepoa, ameshanipendeza. Anayeanza kwa kutamka “hedi gasketi” bado hajaniambia kitu.

Kutoka hapo atazame uso wa rejeta. Msimu wa mpunga, gari linalozunguka mashambani na kwenye mashine za kukoboa hurudi na pumba, vichwa vya nyasi na tope vimeziba mapezi, hewa haipiti. Dawa yake ni maji ya nguvu ndogo, yakimwagwa kutoka upande wa feni kwenda nje, ili uchafu urudi ulikoingilia. Ukiona mtu anapiga pampu ya kuoshea magari kutoka mbele kwa nguvu zote, anazidi kuushindilia uchafu na kuyalaza mapezi. Mzuie kwa upole.

Halafu kuna thamostati. Hapa nina ugomvi na mafundi wengi, wa huku na wa mijini. Gari likichemsha wanaing'oa na kuitupa, wanasema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Si kweli. Injini nyingi za petroli za Toyota zina thamostati inayofunguka kwenye nyuzi 82 hivi, nayo imewekwa ili injini ifike joto lake na kubaki hapo. Ukiitoa, injini hukawia kupata moto, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema, huku chanzo cha kuchemsha kikiwa kimefichwa tu. Kuipima ni kazi ya jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji (si ile ya ugali), washa moto, uitazame. Ikifunguka kabla maji hayajachemka, ni nzima, irudi mahali pake. Fundi anayekubali kufanya jaribio hilo mbele yako ni wa kushikilia namba yake ya simu.

Sasa, kama kweli ni hedi gasketi, dalili zipo: mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikiunguruma, oili iliyogeuka rangi ya maziwa, moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa, labda kwa sababu ya filta iliyojaa vumbi la kiangazi. Hivyo asikuuzie gasketi kwa moshi wa rangi yoyote. Hedi ikishafunguliwa, angalia kama analaza rula ya chuma juu yake na kupitisha fila geji. Kwenye injini nyingi za Toyota hedi iliyopinda zaidi ya milimita 0.05 haipaswi kurudishwa hivyohivyo, na kuisugua kwa msasa wa mkono hakuinyooshi. Inapelekwa mjini ikasagwe kwa mashine. Wakati wa kufunga, bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana ya kupimia nguvu. Asiye nayo aazime. Kukaza kwa kukadiria mkono ndiko kunakoirudisha kazi ileile baada ya miezi michache.

Kwenye umeme, mita ndogo ya kupimia inatosha kumtenga fundi na mbahatishaji. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6, injini ikiunguruma inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, mkanda na terminali hukaguliwa kabla ya kuihukumu alteneta. Anayechomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma, eti anapima alteneta, anaweza kuiunguza kompyuta ya gari. Huyo asiguse gari lako tena. Na akikaza waya mmoja tu gari likapona, usimpunje kwa sababu hukuona jasho.

Miguu ya gari ina majaribio mepesi. Inua gurudumu kwa jeki, uweke na kizuizi. Lishike juu na chini ulitikise: likicheza, shuku beringi au boljointi. Lishike kushoto na kulia: likicheza, anzia kwenye tairodi.

Kuhusu spea, mimi huchagua mtumba halisi wa Japani kuliko kipya kisicho na jina, ila si kwa pedi za breki, mikanda wala mipira ya kubeba maji. Hivyo vinunuliwe vipya, na spea ya zamani urudishiwe mkononi uone ilivyoharibika.

Malipo ya mwisho yasubiri safari. Nenda hadi Majimoto na kurudi, zima, acha lipoe, kagua maji na oili, chungulia chini kama kuna tone. Kama magurudumu yalifunguliwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.