Kifaa cha Kuita Msaada kwa Msafiri wa Peke Yake Porini

Mtu anayesafiri porini peke yake hana mwenzake wa kumtuma akaite msaada. Akivunjika mguu mahali pasipo mtandao wa simu, atategemea ama mtu wa nyumbani anayejua njia aliyopita, ama kifaa kinachofikisha habari zake kwenye setilaiti. Nchini Marekani, ambako watu wengi hutembea kwa siku kadhaa katika milima na majangwa, vifaa vinavyouzwa kwa kazi hiyo ni vya aina mbili: kitoa ishara ya dharura, kinachojulikana kama PLB, na kifaa cha ujumbe wa setilaiti. Dukani hukaa rafu moja, ila namna vinavyofanya kazi inatofautiana sana, na mnunuzi anapaswa kuielewa tofauti hiyo kabla hajauliza bei.

PLB ina kazi moja tu. Antena ikifunguliwa na kitufe kikibonyezwa, hurusha mpigo mfupi wa ishara kila baada ya sekunde 50 hivi, kwa nguvu ya wati 5, katika masafa ya megahezi 406 yaliyotengwa kwa dharura. Ishara hiyo hupokewa na Cospas-Sarsat, mfumo wa setilaiti za uokoaji ulioasisiwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti, ambao ulifanikisha uokoaji wake wa kwanza mwaka 1982. Setilaiti zinazozunguka chini huweza kukisia mahali ishara inapotoka kwa kupima jinsi masafa yanavyobadilika zinapokaribia na zinapoondoka. Makisio hayo yanaweza kukosea kwa kilomita kadhaa. Kifaa chenye GPS hutaja mahali kilipo ndani ya ishara yenyewe, na eneo la kutafutwa hupungua hadi mita 100 hivi. Waokoaji wakishakaribia, hufuata ishara ya pili iliyo dhaifu zaidi, ya megahezi 121.5, hadi kumfikia mhitaji. Betri ya PLB haichajiwi. Hukaa miaka 5 au zaidi bila kuguswa, na siku ya shida hutakiwa kufanya kazi kwa saa 24 au zaidi. Hakuna ada ya mwezi.

Udhaifu wake ni kwamba haielezi kilichotokea. Kituo cha uokoaji hakiwezi kujua kama aliyebonyeza anavuja damu au amepotea njia tu. Madhara ya ukimya huo yalionekana kwenye korongo la Grand Canyon, Marekani, mwezi Septemba 2009, ingawa kifaa kilichotumika kilikuwa cha aina ya pili, cha wakati ule ambapo kilituma bila kupokea. Kikundi cha watembeaji kiliita msaada mara tatu, na mojawapo ya sababu ilikuwa maji waliyoyaona yana chumvi. Kila mara helikopta ililazimika kuruka, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuwauliza wana shida gani.

Vifaa vya inReach, vilivyoingia sokoni mwaka 2011, vilileta mazungumzo ya pande mbili kupitia mtandao wa Iridium wenye setilaiti 66. Mgonjwa anaweza kueleza jeraha lake, akaulizwa maswali, akaambiwa helikopta imeondoka. Kwa mtu aliye peke yake, jibu hilo lina thamani kubwa, maana humzuia asihame mahali anapotafutwa. Gharama yake ni ada ya huduma, betri inayohitaji kuchajiwa, na nguvu ya kurusha iliyo ndogo kuliko ya PLB.

Aina zote mbili zinahitaji anga iliyo wazi. Mwezi Aprili 2003, Aron Ralston alinaswa mkono na jiwe ndani ya korongo jembamba la Utah, akiwa peke yake na bila kumwambia mtu alikokwenda. Baada ya takriban siku tano aliukata mkono huo ili ajinasue. PLB ziliruhusiwa kwa umma wa Marekani mwezi Julai mwaka huohuo. Hata angekuwa nayo, kuta za mwamba zilizombana zingeweza kuizuia ishara. Kifaa hakichukui nafasi ya kuaga nyumbani na kuacha ratiba.

Simu zenye huduma ya dharura kwa setilaiti, kama iPhone tangu mwaka 2022, ni akiba nzuri, lakini betri yake huliwa na ramani na picha, na huduma yenyewe haipo katika kila nchi.

Kwa safari ya peke yake, PLB ndiyo ya kutangulizwa, kwa sababu uzembe wa kuchaji hauiathiri na ishara yake ina nguvu. Anayekaa porini kwa majuma na kuwa makini na umeme wake atafaidika zaidi na kifaa cha ujumbe. Chochote kitakachochaguliwa kijaribiwe kama kinafunguka kwa mkono mmoja, tena wenye glavu, na kivaliwe mwilini, kwa kuwa begi huweza kuporomoka peke yake bondeni.

Kisha PLB isajiliwe. Nchini Marekani usajili hufanywa katika NOAA, idara ya serikali ya bahari na angahewa, bila malipo, ni wa lazima kisheria, na huhuishwa kila baada ya miaka 2. PLB isiyosajiliwa bado husikika, lakini kituo hakitakuwa na jina la msafiri wala namba ya ndugu wa kupigiwa.