Kesi ya Karama na Karatasi ya Bibi

Leo nahakiki kitabu ambacho wengi wetu tulikifungua kwa sababu ya mtihani, na tukakifunga siku mtihani ulipokwisha. Nacho ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Najua mtaguna: "Aa, kile cha nchi iliyo angani!" Subirini kidogo.

Nilipokuwa kidato cha tatu, kitabu hicho kikiwa mkobani mwangu, bibi yangu aliniita barazani akanipa karatasi. "Mjukuu wangu, wewe ndiye msomi, hebu nisomee." Ilikuwa hukumu ya kesi yake ya kiwanja. Imegongwa muhuri, na maneno yote ni Kiingereza. Siku za kesi watu walisema Kiswahili mwanzo hadi mwisho, yeye na mpinzani wake na mashahidi. Mwisho wa maneno yao ukaandikwa kwa lugha asiyoijua. Nikasoma, nikakuna kichwa. Chini kabisa nikaona neno nililodhani nalijua. Nikamwambia, "Bibi, umeshindwa." Akaikunja karatasi mara nne, akaitia sandukuni. Hakuizungumzia tena.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu aliandika ubaoni: Kusadikika ni Tanganyika, mfalme na waziri wake ni wakoloni, dhamira kuu ni ukombozi. Tukanakili. Simlaumu mwalimu, maana kitabu kiliandikwa chini ya Mwingereza, na mwandishi mwenyewe alikuwa karani serikalini kwa miaka mingi. Lakini tafsiri hiyo ina hatari yake. Kama mfalme ni Mzungu, na Mzungu aliondoka mwaka 1961, basi kesi imekwisha, twendeni nyumbani! Ndiyo maana darasa zima hatukuuliza swali jepesi kuliko yote: kosa la Karama lilikuwa nini hasa?

Karama hakuiba wala hakuua. Alianzisha mafunzo ya sheria. Kwa hilo tu, Majivuno anamfikisha mbele ya baraza, na kujitetea kwake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo mema, wakatiwa kifungoni. Hapa ndipo ninapoona kufaulu kwa mwandishi. Ameonyesha kwamba wakubwa wa Kusadikika wanaogopa kitu kimoja kuliko upanga: mtu wa kawaida kuijua sheria inayomhukumu.

Sasa kutofaulu kwake, kama tulivyozoea kuandika kwenye mtihani. Mwisho wa kitabu Karama anaachiwa, na wale sita wanafunguliwa. Tunashusha pumzi. Lakini wokovu wenyewe umetoka wapi? Umetoka juu, kwa wakubwa waliokubali kusikiliza. Wangekuwa wameamka vibaya siku ile, je? Kijana anayefunga kitabu hapo anabaki na somo kwamba dola ni mzee mkali, ukimwomba kwa maneno matamu atalainika. Hilo ni somo la adabu, jamani. Sheria hatujaigusa.

Nje ya riwaya wafalme hawalainiki hivyo. Kule Kenya, Abdilatif Abdalla aliandika kijikaratasi Kenya: Twendapi? mwaka 1968, akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972. Mashairi aliyotunga gerezani yakatoka kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Mkono mmoja umefunga, mwingine umetuza. Ukitaka kuijua dola, somo hilo lina uzito kuliko mwisho mwema wa Kusadikika.

Hata maneno yetu yanatufunza kuinama. Raia tumelitoa kwenye Kiarabu, na asili yake ni kundi lenye mchungaji. Mwananchi ni mwana. Vijiweni watu wanatania kwamba serikali ni siri kali, tunacheka, kisha tunakwenda kupanga foleni dirishani. Lakini soma Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 8. Inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Kwa maneno mengine, mwana ndiye mzazi! Na Katiba hiyo imeandikwa Kiswahili. Wangapi kati yetu tunaoweza kutaja wahusika wote wa Kusadikika tumewahi kuifungua?

Mimi sikuwa nimeifungua. Bibi alipofariki, rafiki yangu aliyesoma sheria aliisoma ile karatasi. Akanyamaza, halafu akasema, "Bibi yako hakushindwa, bwana. Kesi iliondolewa tu kwa sababu ilifunguliwa mahali pasipohusika. Angeweza kuifungua upya panapostahili." Kiwanja sasa kina nyumba ya mtu, na watoto wanacheza uani. Lile neno la chini kabisa nililitafsiri vibaya mimi, msomi wa kidato cha tatu niliyejua fani na maudhui.

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza kimeachiwa nafasi pale haki inapolazimu. Ni hatua kubwa. Lakini lugha ya mahakama ikibadilika na hadithi zetu zikabaki zile zile, bado tutaingia pale tumeinama.

Kwa hiyo vijana wenzangu mnaoandika, ombi langu ni hili. Katika hadithi tunazosomeana sisi kwa sisi, mfalme anayetubu ukurasa wa mwisho tumeshamwona sana. Nileteeni mama anayeuliza karani, "Hili neno maana yake nini?" na asiyeondoka mpaka ajibiwe. Mwandikeni dalali wa viwanja, mwandikeni mzee wa baraza anayesinzia, na siku za rufaa zinazoyoyoma. Shaaban Robert alimfikisha Karama mlangoni. Kuingia ni kazi yetu.

Anayeona nimemwonea mwandishi mkubwa, kalamu anayo. Aandike, tubishane.