Sauti Nyuma ya Tamthilia za Kabul
Tamthilia za Kihindi zilizoteka jioni za Kabul, Afghanistan, baada ya kituo cha Tolo TV kuanza mwaka 2004 zilizungumza lugha ya Kidari kwa jasho la watu wasioonekana. Mwingiza sauti hukodolea macho midomo ya mwigizaji wa kigeni, akaifupisha au kuirefusha sentensi hadi iishe pale mdomo unapofumba. Hata kwikwi ya kilio sharti iangukie mahali pake. Mhariri naye alifunika kwa ukungu mabega wazi na sanamu za miungu. Wapo waliolaumu kwamba huko ni kueneza utamaduni wa kigeni. Lakini asiyejua kusoma alipata hadithi kwa lugha yake, na waliompa walilipa kwa damu: Januari 2016, mshambuliaji wa kujitoa mhanga alilipua basi la wafanyakazi wa Tolo TV wakitoka kazini, wakafa watu 7.